Ncha Haivuti Chaji: Ugomvi Wangu na Sentensi Mbili za Fizikia

Wiki hii sina habari za programu mpya wala rununu mpya. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sentensi mbili tu. Kila aliyesoma fizikia katika shule ya upili hapa Kenya anazijua. Tulizikariri usiku wa kuamkia mtihani, tukaziandika asubuhi, tukapewa alama, tukaenda zetu. Tulifundishwa kwa Kiingereza, lakini nikizileta kwa Kiswahili zinasema hivi. Ya kwanza: chaji za umeme hukaa upande wa nje wa chuma kwa sababu zinafukuzana. Ya pili: ncha kali huvuta chaji, na ndiyo maana huvuta radi.

Nasema sentensi hizi ni nusu ukweli, na nusu ukweli ni mbaya kuliko ujinga. Mjinga akiulizwa swali atasema sijui, kisha ataenda kutafuta. Mwenye nusu ukweli hatafuti, maana anadhani keshafika.

Najua wengine mtaniuliza: wewe ni mwandishi wa programu, mambo ya kusugua kalamu kwenye nywele yanakuhusu nini? Yananihusu sana, na wewe pia. Picha zilizo kwenye kadi ya kumbukumbu ya rununu yako ni elektroni zilizofungiwa ndani ya vijumba vidogo vilivyozingirwa na kihami. Zikitoroka, picha zimekwenda. Transista zilizojaa ndani ya tarakilishi yako, jina lao la kitaalamu ni transista za athari ya uga. Na kile kioo unachokigusa ukituma pesa kina uga wa umeme juu yake. Kidole kikikaribia, uga unapinda, na rununu inaupima mpindo huo. Gusa kwa kalamu ya kawaida ya plastiki uone kama itakusikia! Kwa hivyo kazi yangu yote imejengwa juu ya somo ambalo tulilipita mbio tukiwa na sentensi mbili mkononi.

Uga ni nini hasa?

Katika mtaala wa 8-4-4 uliotulea wengi wetu, umemetuamo (yaani umeme uliotulia) ulifundishwa mara mbili. Kidato cha kwanza ulisugua rula ukaokota vipande vya karatasi, ukaambiwa kuna chaji chanya na chaji hasi, zinazofanana hufukuzana na zinazotofautiana huvutana. Kidato cha tatu ukachora mistari yenye mishale kati ya duara mbili. Mistari hiyo ilikuwa mapambo. Hakuna aliyekuambia kwamba ule mchoro ndio somo lenyewe, na kwamba yale mengine yote yanatoka humo.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba neno tunalo, tena zuri. Mtangazaji wa mpira akisema timu zinaingia uga wa Nyayo, kila mtu anajua kwamba uga upo hata kabla ya mchezaji kukanyaga nyasi. Uga wa umeme ni vivyo hivyo. Weka chaji moja mahali, na nafasi yote inayoizunguka inabadilika, hata kama hakuna chaji nyingine ya kuhisi mabadiliko hayo. Kila nukta ya nafasi ina agizo lake: chaji ikitua hapa, itasukumwa kuelekea kule, kwa nguvu kiasi hiki.

Kwa sisi waandishi wa programu jambo hili ni rahisi mno. Uga ni kitendakazi. Unakipa mahali, kinakurudishia mshale. Urefu wa mshale ni ukali wa uga, na mwelekeo wake ni mwelekeo wa msukumo. Ukiwa na chaji moja, mshale unapungua kwa mraba wa umbali: ukisogea mara 2, unabaki robo, ukisogea mara 3, unabaki sehemu moja ya tisa. Ukiwa na chaji nyingi, unajumlisha mishale yote. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Sasa lete kipande cha chuma. Chuma, shaba, hata mwili wako, vyote ni vipitishi: ndani yake kuna chaji zilizo huru kutembea. Uga ukiingia ndani ya kipitishi, chaji zitasukumwa. Zikisukumwa zitahama. Zikihama, na zenyewe zinaleta mishale yake, kwa hivyo uga unabadilika. Mchezo huu utaendelea mpaka lini? Mpaka pale ambapo ndani ya chuma hakuna mshale hata mmoja uliosalia. Hapo ndipo chaji zinatulia, maana hakuna wa kuzisukuma tena.

Shika hilo, maana ndilo ninalolipigania: katika kipitishi kilichotulia, uga wa ndani ni sufuri. Chaji hujipanga vyovyote vile itakavyobidi ili sharti hilo litimie. Mpangilio wa chaji ni jibu. Sharti la uga ndilo swali. Sisi tulipewa jibu la maswali mawili matatu tukalikariri kana kwamba ndilo sheria.

Mfano wa karibu kabisa ni wewe mwenyewe. Siku ya kawaida isiyo na mawingu ya mvua, karibu na ardhi kuna uga wa umeme wa kama volti 100 kwa kila mita ya kwenda juu. Ukiwa na urefu wa mita 1.7, basi kabla hujasimama pale, tofauti kati ya mahali pa miguu yako na mahali pa kichwa chako ilikuwa kama volti 170. Mbona hupigwi na umeme ukienda dukani? Kwa sababu ukisimama, chaji za mwilini mwako zinajipanga upya mpaka uga wa ndani yako unafutika. Umeupinda uga wa dunia kwa kusimama tu! Hakuna sentensi ya kufukuzana wala ya ncha inayoweza kukueleza hilo.

Msumari ndani ya debe

Haya, tuijaribu ile sentensi ya pili. Ncha kali huvuta chaji, sivyo? Chukua debe la chuma lenye kifuniko. Kwa ndani, chomelea msumari mkali kama sindano, ncha yake ikielekea katikati ya debe. Funga debe, kisha lipe chaji kwa nje, nyingi upendavyo. Je, ncha ya msumari ina chaji kiasi gani?

Sufuri. Hakuna kitu. Msumari ni mkali vilevile, umeshikana na debe vilevile, lakini umekaa mikono mitupu. Kama ukali wa ncha ungekuwa na mvuto wake wenyewe, msumari huu ungejaa chaji. Haujai, kwa sababu ndani ya debe tupu lililofungwa uga tayari ni sufuri, na hakuna kazi ya kufuta uga ambayo chaji zingeitwa kuifanya.

Basi kwa nini ncha ikiwa nje huwa na uga mkali? Tumia hesabu ya kidato cha pili. Chukua tufe mbili za chuma, moja ya nusu kipenyo cha sentimita 10, nyingine ya sentimita 1. Ziweke mbalimbali na uziunganishe kwa waya mrefu. Kwa kuwa zimeunganishwa na zimetulia, volti zao ni sawa. Tuseme ni volti 30,000. Kwa tufe, uga wa juu ya ngozi yake ni volti gawanya kwa nusu kipenyo. Tufe kubwa: volti 300,000 kwa mita. Tufe dogo: volti milioni 3 kwa mita, na hapo ndipo hewa huanza kushindwa kuhami na cheche kuruka.

Sasa angalia chaji zenyewe ziko wapi. Tufe kubwa lina chaji mara 10 kuliko tufe dogo! Umesoma vizuri. Lile dogo, ndilo la "ncha", lina chaji CHACHE zaidi. Kilicho kikubwa kwake ni msongamano, yaani chaji kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, kwa sababu ngozi yenyewe ni ndogo mara 100. Anayesema chaji nyingi zimekusanyika kwenye ncha ni kama anayesema Wakenya wengi wanaishi ndani ya matatu kwa sababu humo tunabanana. Kubanana si wingi.

Jaribu mwenyewe kwenye tarakilishi

Tuije ile ya kwanza: chaji hukaa nje kwa sababu zinafukuzana. Hapa sitaki uniamini. Nataka uandike programu. Lugha yoyote itafaa, na haizidi mistari 40:

1. Chukua duara bapa la nusu kipenyo 1, kama sahani nyembamba ya bati. Tupa nukta 11 ndani yake popote pale. Kila nukta ni chaji ya 1.
2. Kokotoa nishati: kwa kila jozi ya nukta, 1 gawanya kwa umbali kati yao. Jumlisha zote.
3. Chagua nukta moja kwa bahati nasibu, isogeze kidogo bila kuitoa ndani ya duara. Nishati ikipungua, iache hapo. Isipopungua, irudishe.
4. Rudia mara laki kadhaa. Kisha anza tena upya kwa mtawanyiko mwingine, mara nyingi, na uweke ule mpangilio wenye nishati ndogo kuliko yote.

Kwa nukta 11 utapata kile ulichofundishwa: zote zimejipanga ukingoni kama shanga. Nishati yake ni 48.58. Ukiilazimisha moja ikae katikati na 10 zibaki ukingoni, unapata 48.62, ambayo ni kubwa zaidi. Kwa hivyo ukingo umeshinda.

Sasa ongeza nukta moja tu, ziwe 12. Zote zikiwa ukingoni, nishati ni 59.81. Moja ikikaa katikati kabisa na 11 zikabaki ukingoni, ni 59.58. Katikati imeshinda! Chaji ya kumi na mbili, ambayo inafukuzwa na wenzake wote kumi na mmoja, mahali pake pa kutulia ni katikati yao. Jambo hili liliandikwa katika jarida la Nature mwaka 1985 na likawashangaza watu waliokuwa wamefundisha somo hili miaka mingi. Na wewe unaweza kulihakikisha kwa kikokotoo cha mkononi kabla chai haijapoa.

Ukiendelea hadi nukta elfu nyingi, utaona sahani nzima imejaa, yenye msongamano mdogo katikati na mkubwa ukingoni. Kwa sahani halisi ya chuma hesabu iko wazi: nusu ya chaji zote zinakaa ndani ya duara lenye asilimia 87 ya nusu kipenyo, na zaidi ya asilimia 13 zinakaa ndani ya nusu ya kwanza kabisa kutoka katikati.

Zinafukuzana? Ndiyo. Zimekimbilia ukingoni zote? La hasha! Kwa hivyo kufukuzana peke yake hakutoshi kueleza chochote.

Kinachotosha ni namna msukumo unavyopungua kwa umbali. Katika nafasi yetu ya pande tatu, mistari ya uga inayotoka kwenye chaji inatawanyika juu ya ngozi ya tufe, na ngozi ya tufe hukua kwa mraba wa umbali. Uga nao hupungua kwa mraba wa umbali. Vitu hivi viwili vinalingana sawasawa, ndiyo maana mstari wa uga haukatiki hewani: huanzia kwenye chaji na kuishia kwenye chaji. Kutokana na hapo, kama ndani ya kipande cha chuma hakuna uga, hakuna mstari, na kama hakuna mstari, hakuna chaji ya ziada. Lazima iwe juu ya ngozi. Lakini msukumo ungepungua haraka zaidi ya hapo, chaji zilezile, zikifukuzana vilevile, zingetapakaa mpaka kwenye moyo wa chuma. Katika sahani yetu bapa ulinganifu huo haupo, kwa sababu nukta zimefungiwa kwenye ubapa huku mistari yake ikitawanyika juu na chini ya sahani. Ndiyo maana moja imekaa katikati.

Kopo lililotangulia sheria

Msidhani haya ni mambo madogo ya kukuna kichwa. Historia yenyewe ya somo hili ilianzia ndani ya kopo. Katika miaka ya 1750 Benjamin Franklin aliteremsha kipande cha kizibo, kikining'inia kwenye uzi, ndani ya chombo cha fedha chenye chaji. Kwa nje kizibo kilivutwa. Kwa ndani, kimya. Hakuelewa ni kwa nini. Alimweleza rafiki yake Joseph Priestley, na mwaka 1767 Priestley akafikia wazo zito: kama ndani ya chombo hakuna msukumo, basi msukumo wa umeme lazima upungue kwa mraba wa umbali, kama mvutano wa dunia. Coulomb na mizani yake walikuja baadaye, mwaka 1785!

Katikati yao yuko Henry Cavendish. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 alifungia tufe ndani ya tufe jingine, akalipa la nje chaji, akaliunganisha na la ndani, kisha akalipima la ndani. Hakuna kitu. Kutokana na kutoona kitu alithibitisha kwamba ile 2 ya mraba haiwezi kukosea kwa zaidi ya sehemu moja ya 50. Hakuchapisha. Dunia ilikuja kusoma kazi yake mwaka 1879 Maxwell alipoichapisha. Mwaka 1971 huko Marekani, Williams, Faller na Hill walirudia wazo lilelile kwa vifaa vya kisasa, wakaonyesha kwamba hata kama ile 2 ina kasoro, itaanza kuonekana baada ya tarakimu kama 15 za sufuri.

Yaani ule utulivu wa ndani ya kopo ni miongoni mwa vipimo vikali vilivyowahi kufanywa katika sayansi yote. Na sisi tuliupata kama mstari mmoja wa daftari, ukiwa na sababu isiyotosha!

Radi haisomi daftari

Hapa ndipo ugomvi wangu unaacha kuwa wa darasani. Ukanda wa Ziwa Viktoria, Kisii na Kakamega zikiwemo, unajua radi. Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Kwa watu wa ukanda huu, umeme wa mawinguni ni jambo la msiba.

Uliza watu kumi kwa nini mtu aliye ndani ya gari hujikinga na radi. Nakuhakikishia utasikia matairi: mpira ni kihami. Jamani! Radi imepasua kilomita kadhaa za hewa, nayo hewa ni kihami, halafu ishindwe na sentimita chache za mpira? Na kama ni matairi, bodaboda nayo ingekuwa kinga. Kinachokulinda ni bodi ya chuma iliyokuzunguka. Gari ni debe. Mkondo unapita kwenye ngozi yake na kuruka hadi ardhini, na ndani uga unabaki mdogo. Ndiyo maana matatu yenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni mahali pazuri wakati wa radi, na tuktuk yenye paa la turubai sipo, ingawa matairi yote ni ya mpira uleule.

Vivyo hivyo paa la mabati. Wako wanaodhani mabati peke yake yanavuta radi, na wako wanaodhani mabati peke yake yanakinga. Paa la mabati lililokaa juu ya kuta za udongo au matofali, bila waya mnene wa kuliunganisha na ardhi, si debe. Ni kifuniko cha debe. Mkondo ukifika pale utatafuta njia yake kupitia ukuta, nyaya za taa au mtu aliyeegemea.

Na zile kinga-radi? Watu wananunua kwa kuangalia ukali wa ncha. Huko kwenye milima ya New Mexico, Marekani, kundi la watafiti likiongozwa na Charles Moore lilisimamisha fimbo kali na fimbo zenye vichwa vya mviringo karibu karibu, likangoja radi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika miaka 7, fimbo butu 12 zilipigwa. Ncha kali hata moja haikupigwa. Wenye kuelewa uga hawashangai sana: ncha kali ina uga mkali mno pale mdomoni, lakini ukisogea kidogo tu unafifia. Hewa ya pale huvuja chaji mapema, na chaji zilizovuja zinatanda na kuipoza ile ncha. Fimbo butu ina uga unaofika mbali zaidi. Hii haina maana kwamba ukang'oe kinga-radi yako. Fimbo kali iliyounganishwa vizuri na ardhi bado ina njia ya kuupitisha mkondo. Maana yake ni kwamba pesa zako uziweke kwenye waya mnene, kwenye viungo imara na kwenye chuma kilichozikwa ardhini, kuliko kwenye urembo wa ncha. Sentensi ya daftari ingekufanya uulize swali la kipuuzi dukani.

Hata kwenye meza ya fundi ni yaleyale. Vipuri vya tarakilishi huja katika mfuko wenye rangi ya fedha. Nimeona mafundi wakitoa kipuri ndani ya mfuko na kukiweka JUU ya mfuko, wakiamini mfuko wenyewe una baraka fulani. Mfuko ni debe jembamba. Kinga yake iko ndani. Na mwili wako ukiwa na volti elfu moja hivi huhisi chochote, ilhali kuna saketi ndogo zinazoumia kwa volti mia chache tu.

Wenye pingamizi

Watasema: mtihani ulitaka sentensi hiyo. Sawa, lakini mtihani huandikwa na watu, na watu hubadilisha.

Watasema: uga ni mgumu, unahitaji hesabu za chuo kikuu. Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akafunzwa kazi ya kujalidi vitabu, na hesabu zake zilikuwa haba. Ndiye aliyetuletea mistari ya uga, kwa kuichora. Mwaka 1836, katika Royal Institution jijini London, alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakifunika kwa chuma, akakitia chaji mpaka cheche zikaruka nje, naye akaingia ndani na vipimo vyake asione kitu. Hesabu aliziongeza Maxwell baadaye. Kwa hivyo wazo lilikuja kwanza, hesabu zikafuata. Mbona sisi tunawanyima watoto wazo kwa kisingizio cha hesabu?

Watasema pia: kurahisisha si kosa. Nakubali kabisa! Lakini kuna kurahisisha kunakokua na mwanafunzi, na kuna kurahisisha kunakopaswa kung'olewa baadaye. "Uga wa ndani ni sufuri" ni rahisi, na ni kweli ukiwa kidato cha tatu, na ni kweli ukiwa mhandisi. "Ncha huvuta chaji" ni rahisi tu.

Ninachodai

Nadai mambo matatu. Kwanza, mwalimu aanze na ramani ya mishale kabla ya sentensi yoyote ya kukariri. Mwanafunzi akiweza kuchora mshale kwenye kila nukta ya karatasi, ameelewa uga.

Pili, neno "huvuta" lifutwe kila linapotajwa pamoja na ncha, na swali la msumari ndani ya debe liulizwe darasani kila mwaka.

Tatu, jikoni kutumike. Kata vipande vidogo vya karatasi, vifunike kwa chujio la chai la waya, shika chujio kwa mkono, kisha lete juu yake rula ya plastiki uliyoisugua. Karatasi hazitaruka. Badilisha, weka chujio la plastiki, uone zinavyocheza. Fanya hivyo mchana wenye hewa kavu, kama Januari kule Nakuru. Pwani kwenye unyevunyevu chaji zitavuja kabla hujaanza, na hilo nalo ni somo. Chujio mbili na karatasi, gharama yake ni ndogo kuliko ya kitabu cha marudio, na mtoto hatasahau.

Programu ya nukta 12 nimewaachia. Iandike, ibadilishe duara liwe mraba, au pembetatu, uone chaji zinavyojipanga. Ukiona nukta ya kumi na mbili imekwenda katikati, mwite yule ndugu yako aliyepata A ya fizikia umwulize ni kwa nini. Akisema zinafukuzana, mwonyeshe kioo. Haya, uga ni wenu. Mwenye hoja aje nayo hapo chini kwenye maoni, na mwenye matusi apeleke kwingine.